Uhuru Uliopitia Mwea

Makoloni yaliyojitenga na madola yaliyoyatawala yamefuata njia mbili. Katika njia ya kwanza wanaoasi ni walowezi wenyewe, watu wa damu moja na watawala. Ndivyo ilivyokuwa katika makoloni 13 ya Uingereza kule Amerika ya Kaskazini: walowezi waliochoka kutozwa kodi na Bunge wasilokuwa na mwakilishi ndani yake walishika bunduki mwaka 1775, wakatangaza uhuru tarehe 4 Julai 1776, wakapigana kwa msaada wa askari na manowari za Ufaransa, na mwaka 1783 mfalme wa Uingereza akawaachilia kwa Mkataba wa Paris. Uhuru huo ulikuwa wa walowezi. Watumwa walibaki utumwani, na wenyeji wa asili waliendelea kupokonywa ardhi, pengine kwa kasi kubwa zaidi kuliko zamani. Katika njia ya pili wanaoasi ni wenyeji waliotekwa, na wanayemfukuza si mtawala wa mbali tu bali pia jirani yao mlowezi aliyekaa juu ya ardhi yao.

Kenya ni mahali ambapo njia zote mbili zilijaribiwa katika koloni moja, dhidi ya dola ileile, kwa muda wa miaka 40. Ya walowezi ilikufa changa. Ya Waafrika ilifika, na sehemu yake nzito ilipitia upande wa mashariki na kusini-mashariki wa Mlima Kenya: Meru, Embu, na nyanda kavu za Mbeere ambako Gachoka iko. Vitabu vingi huyaeleza mapambano haya kana kwamba yalikuwa ya Nyeri, Murang'a na Kiambu peke yake. Maelezo hayo yana upungufu mkubwa, kwa sababu mambo mawili yaliyoivunja nguvu serikali ya kikoloni, yaani kambi za Mwea na kura za mwaka 1957, yana mizizi yake upande huu wa mlima.

Kwanza walowezi. Mwaka 1920 nchi iliyoitwa Himaya ya Afrika Mashariki iligeuzwa kuwa Koloni la Kenya. Wazungu waliokuwemo hawakufikia 10,000, lakini walikuwa na sauti kubwa, na mwanasiasa wao mkuu, Lord Delamere, aliota serikali ya walowezi kama ile ambayo wenzao wa Rhodesia ya Kusini walipewa mwaka 1923. London ilipoonekana kuelekea kuwapa Wahindi haki zaidi za kura, baadhi ya walowezi walipanga njama ya kumteka gavana na kukamata reli na simu. Njama haikutekelezwa. Julai 1923 Waraka wa Devonshire ulitangaza kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na kwamba masilahi ya Waafrika yatatangulia ya wageni wote. Waraka huo haukumrudishia Mwafrika hata ekari moja. Ulichofanya ni kuifunga milango ya uhuru wa walowezi, na milango hiyo haikufunguliwa tena.

Sababu ya kushindwa kwao ni nyepesi kueleweka. Walowezi wa Amerika walikuwa mamilioni mawili na ushei, wakajitosheleza kwa chakula, kwa wanamgambo na kwa wafanyakazi. Walowezi wa Kenya walikuwa wachache mno katikati ya watu waliowapokonya ardhi, na usiku walilala salama kwa sababu ya askari wa serikali waliyotaka kuipindua. Mtu hawezi kumfukuza mlinzi wake. Walowezi wa Rhodesia walithubutu kujitangazia uhuru wao Novemba 1965, lakini hao walikuwa wengi zaidi na walikuwa na jeshi lao, na hata hivyo mwaka 1980 nchi ilirudi mikononi mwa wenyewe.

Utawala ambao walowezi wa Kenya waliutegemea ulikuwa umeingia Embu kwa mtutu. Mwaka 1906 jeshi la Waingereza liliwashambulia Waembu, likawaua, likachukua mifugo yao kwa maelfu, na kituo cha serikali kikajengwa mahali ulipo mji wa Embu leo. Wambeere, jirani zao wa nchi ya chini, wakaingizwa katika wilaya hiyohiyo. Meru ilifikiwa mwaka 1908 na afisa Edward Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi. Baada ya hapo vikaja vile ambavyo kila Mkenya wa umri fulani alivisikia kwa babu yake: kodi ya nyumba na ya kichwa, kazi ya kulazimishwa, uchukuzi wa mizigo ya jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na kipande, ile karatasi ya alama za vidole iliyofungiwa ndani ya kibati na kuning'inizwa shingoni kuanzia mwaka 1920.

Hapa pana swali ambalo halina budi kujibiwa. Ardhi ya Waembu haikuchukuliwa na walowezi kama ilivyochukuliwa Kiambu. Wameru walipoteza malisho ya upande wa Timau na Nanyuki, lakini sehemu kubwa ya nchi yao ilibaki. Mbeere ilikuwa kavu mno, na mlowezi hakuitamani. Kwa nini basi watu wa huku walikula kiapo cha Mau Mau, vuguvugu la siri la kudai ardhi na uhuru, na kuingia msituni?

Jibu la kwanza ni msitu wenyewe. Serikali ilitangaza kwamba misitu ya Mlima Kenya ni mali ya Taji, na watu walioishi kwa asali, kuni, mbao na malisho yake wakageuka wahalifu katika nchi yao. Jibu la pili ni kahawa. Zao hilo lilihifadhiwa kwa Wazungu. Katika miaka ya 1930 Waafrika wachache wa Meru, Embu na Kisii waliruhusiwa kulipanda kwa majaribio, kwa idadi ndogo ya miche na chini ya uangalizi mkali. Mkulima wa Meru aliyeona kwa macho yake kwamba mche wake unazaa sawasawa na wa mlowezi hakuhitaji mwanasiasa wa kumweleza kwamba anadhulumiwa. Jibu la tatu ni matuta. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali iliwalazimisha watu, hasa wanawake, kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko bila malipo, chini ya usimamizi wa machifu waliochukiwa. Na jibu la nne ni Nairobi, ambako vijana wa Embu na Meru walifanya kazi bega kwa bega na Wakikuyu, wakalala katika vyumba vilevile vya Pumwani na Kariokor, wakasikia siasa zilezile za Kenya African Union (KAU) na za vyama vya wafanyakazi, na kurudi nyumbani na kiapo.

Kati ya majibu hayo, la machifu na kazi ya kulazimishwa ndilo lenye uzito zaidi upande huu. Maasi ya hapa yaliwaka kwa sababu ya namna watu walivyotawaliwa, kabla ya kuwa maasi ya shamba lililopotea.

Gavana Evelyn Baring alitia saini tangazo la Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, siku 13 baada ya Chifu Mkuu Waruhiu, mtetezi wa serikali, kupigwa risasi. Usiku huo viongozi wa KAU walikamatwa, na askari wa kikosi cha Lancashire Fusiliers walishushwa Nairobi kwa ndege kutoka eneo la Mfereji wa Suez. Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko walishtakiwa Kapenguria na kuhukumiwa Aprili 1953. Serikali ilidhani imekata kichwa cha nyoka. Ukweli ni kwamba iliondoa watu ambao wangeweza kuzungumza nao, na vijana waliobaki wakaenda msituni.

Katika msitu wa Mlima Kenya amri ilikuwa ya Waruhiu Itote, Jenerali China, aliyewahi kupigana Burma katika jeshi la mfalme. Eneo lake lilizunguka mlima kuanzia Mathira na Kirinyaga mpaka Embu na Meru. Alikamatwa Januari 1954. Upande wa Embu jina kubwa lilikuwa Jenerali Kubukubu, ambaye leo shule ya sekondari inaitwa kwa jina lake. Upande wa Meru walisimama Musa Mwariama na Baimungi, na hawa ni wa kutazamwa kwa makini, kwa sababu hawakukamatwa wala hawakujisalimisha: walikaa msituni mpaka bendera ya Uingereza iliposhushwa.

Silaha zao zilikuwa bunduki chache za kuiba, za kutengenezwa kwa mabomba ya maji na komeo za milango, simi na mikuki. Hakuna nchi ya nje iliyowatumia risasi hata moja. Tofauti hii na vita vya Amerika ni kubwa kuliko zote. George Washington alikuwa na Ufaransa. Wapiganaji wa Algeria, walioanza Novemba 1954, walikuwa na Tunisia na Moroko mpakani na Misri nyuma yao. Wapiganaji wa Mlima Kenya walikuwa na wanawake wa vijijini waliobeba ugali, ndizi na viazi usiku mpaka ukingo wa msitu. Wanawake hao ndio waliokuwa ghala lao, posta yao na hospitali yao.

Serikali ililielewa hilo upesi, na vita vyake vikubwa ikavielekeza kwa raia. Sheria za Hali ya Hatari ziliwaweka pamoja Wakikuyu, Waembu na Wameru kama kundi moja la washukiwa, na kuwalazimisha kuwa na pasi maalumu za kusafiria. Tarehe 24 Aprili 1954, katika msako uliopewa jina la Anvil, Nairobi ilizingirwa na askari wapatao 25,000. Watu wa makundi hayo matatu walitengwa na wengine, wakapitishwa mbele ya wapelelezi waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho, na maelfu wakapelekwa Manyani na Mackinnon Road. Kufikia mwisho wa 1954 zaidi ya watu 70,000 walikuwa kizuizini. Kuanzia katikati ya mwaka huohuo vijiji vya lazima vilijengwa. Zaidi ya watu milioni moja waliondolewa katika miji yao iliyotawanyika vilimani, nyumba zao zikachomwa, wakasukumwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mitaro na seng'enge, vikilindwa na homugadi, wanamgambo wa Kiafrika wa upande wa serikali. Kando ya msitu wa Mlima Kenya raia walichimbishwa handaki la urefu wa maili 50 hivi, ndani yake mkachomekwa vijiti vilivyochongwa, ili chakula kisipite. Chini ya amri ya kutotoka nje, mwanamke aliyekuwa akipeleka viazi msituni sasa alivikosa hata vya kuwalisha wanawe. Njaa hii ya vijijini iliua watoto na wazee, na haikuandikwa katika hesabu za vita.

Hesabu ambazo serikali yenyewe ilizitoa zinasema wapiganaji 11,503 waliuawa hadi mwisho wa 1956. Raia wa Kiafrika waliouawa na waasi walikuwa zaidi ya 1,800, na raia wa Kizungu 32. Waliopandishwa kitanzini walikuwa wapata 1,090, idadi ambayo haikufikiwa katika koloni lingine lolote la Uingereza katika karne ya 20. Kiongozi wa wapiganaji wa msituni, Dedan Kimathi, alijeruhiwa na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kijeshi, vita vilikuwa vimekwisha, na walioshinda walikuwa Waingereza. Mwandishi anayekataa kusema hivyo anawapunguzia heshima wapiganaji, kwa sababu anaficha ukubwa wa nguvu walizokabiliana nazo.

Lakini dola haikuweza kuutumia ushindi wake, na hapa ndipo tambarare ya Mwea inapoingia.

Katika miaka ya 1950 Wilaya ya Embu ilikuwa pana kuliko kaunti ya leo. Ilichukua Ndia na Gichugu, ambazo zilitengwa na kuwa Kirinyaga mwaka 1963, na Mbeere yote. Katikati ya nchi hizo palikuwa na Mwea, tambarare yenye joto, mbu na udongo mweusi unaonata, ambayo majirani waliitumia kwa malisho. Sehemu yake imo katika eneo bunge la Mbeere Kusini mpaka sasa. Wadi mojawapo ya eneo bunge hilo, ambalo kabla ya uchaguzi wa 2013 liliitwa Gachoka, jina lake ni Mwea. Serikali ilijenga kambi za vizuizi katika tambarare hiyo, zikiwemo Kandongu, Thiba na Gathigiriri, na kwa mikono ya wafungwa ikaanza kuchimba mifereji ya mradi wa umwagiliaji wa Mwea-Tebere. Mchele wa pishori ambao Wakenya wanaupenda kuliko mwingine unalimwa juu ya mifereji iliyoanzishwa na watu waliofungwa bila kufikishwa mahakamani. Vijana wa umri mdogo walipelekwa Wamumu, katika tambarare hiyohiyo, wakafundishwa ufundi na nidhamu ya kijeshi.

Kufikia mwaka 1957 kizuizini walibaki wale ambao serikali iliwaita sugu. Hawa walikataa kukiri kiapo, na wengi walikataa hata kufanya kazi, wakisema wao ni wafungwa wa kisiasa na sheria hailazimishi mfungwa wa kisiasa kulima. Kukataa kwao kulikuwa na maana kubwa kisiasa. Serikali ilikuwa imejenga hoja yake yote juu ya madai kwamba Mau Mau ni ugonjwa wa akili, na kwamba mgonjwa akikiri amepona. Mtu anayekaa kizuizini miaka minne na bado anasema, kwa utulivu, kwamba alitaka ardhi na uhuru, anaivunja hoja hiyo kwa kuendelea kuwa hai.

Ili kuwavunja, afisa Terence Gavaghan alipewa kambi za Mwea na kazi iliyoitwa Operation Progress. Wafungwa waliletwa kutoka Manyani katika vikundi vidogo, wakaingizwa kati ya askari na wafungwa waliokwisha kukubali, wakaamriwa kuvua nguo, kunyolewa na kuvaa sare za kambi. Aliyekataa alipigwa mpaka akubali. Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia gavana Juni 1957 akieleza jinsi nguvu hiyo inavyoweza kuhalalishwa, na kuonya kwamba kama lazima watende dhambi, basi wasiitende kwa kelele. London iliarifiwa na ikaridhia. Kwa kipimo cha watawala mbinu ilifaulu: maelfu walikiri na kuachiliwa.

Kufaulu huko ndiko kulikowaponza. Afisa wa magereza John Cowan, aliyeiona mbinu ikifanya kazi Mwea, aliandika mpango wa kuitumia katika kambi ya Hola, kando ya Mto Tana ule unaopita chini ya Mbeere. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 88 walitolewa kwenda kufanya kazi, na walipokataa askari waliwapiga kwa marungu kwa saa kadhaa. Watu 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidokeza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa maiti ulionyesha mifupa iliyovunjika na vichwa vilivyopasuka.

Julai 1959 suala la Hola lilijadiliwa katika Bunge la Uingereza usiku kucha. Barbara Castle wa chama cha Labour alikuwa amelipigia kelele suala la kambi za Kenya kwa miaka. Pigo kali zaidi lilitoka kwa Enoch Powell, Mhafidhina wa chama tawala, aliyesema kwamba Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani na kingine Afrika. Mhafidhina kama huyo anapoitetea haki ya mfungwa wa Mau Mau dhidi ya serikali ya chama chake, dola imepoteza kitu ambacho jeshi haliwezi kukirudisha. Vita vilikuwa vimeigharimu Uingereza pauni milioni 55 hivi. Ufaransa ilikuwa imekwama Algeria, na watu wa London waliliona hilo. Oktoba 1959 Iain Macleod aliteuliwa Waziri wa Makoloni, na baadaye alieleza waziwazi kwamba Hola ilimshawishi kuwa Uingereza lazima iondoke haraka. Hali ya Hatari ilifutwa tarehe 12 Januari 1960. Siku sita baadaye mkutano wa kwanza wa katiba wa Lancaster House, London, ukafunguliwa.

Kwa hiyo mnyororo unaonekana vizuri. Kukataa kwa wafungwa kulizaa mbinu ya Mwea, mbinu ya Mwea ikazaa Hola, na Hola ikaing'oa London. Wafungwa hao hawakushinda kwa silaha. Walishinda kwa kukataa kukiri, mpaka mtawala akaonyesha mbele ya watu wake mwenyewe alivyo.

Njia ya kura ilikwenda sambamba. Machi 1957 Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Katika Mkoa wa Kati, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuweza kujiandikisha bila cheti cha uaminifu kwa serikali. Wakikuyu wengi walinyimwa, na Meru, ambako maasi yalikuwa hafifu zaidi, ikawa na wapiga kura wengi kupita kiasi. Eliud Mathu wa Kiambu, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuingia barazani mwaka 1944, alishindwa, na kiti kikachukuliwa na mwalimu kutoka Meru, Bernard Mate.

Serikali ilitarajia kwamba wapiga kura waliochujwa wangewaleta wajumbe wapole. Mate aliungana na Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro, Ronald Ngala, Daniel arap Moi na wengineo, na wote wanane wakakataa kuchukua wizara chini ya katiba iliyokuwepo, wakidai viti zaidi vya Waafrika. Waziri wa Makoloni Alan Lennox-Boyd akalazimika kuongeza viti sita. Katika uchaguzi wa 1958 kiti cha Embu kilikwenda kwa Jeremiah Nyagah, mwalimu aliyesoma Makerere, ambaye baadaye aliwakilisha Gachoka bungeni mpaka mwaka 1992. Wajumbe hao 14 walisusia, wakagoma, wakapeleka malalamiko London, na kila walipopewa kidogo wakadai kingine.

Wako wanaopenda kuwagombanisha watu hawa na wapiganaji wa msituni, kana kwamba uhuru lazima uwe wa upande mmoja. Hoja hiyo haina nguvu. Bila msitu, katiba ya Kenya isingebadilishwa mara tatu ndani ya miaka minane. Kabla ya 1952 Mwafrika hakuwa na kura ya kumchagua mjumbe wa baraza. Na bila baraza, hasira ya Hola isingepata Waafrika waliochaguliwa na walio tayari kupokea serikali. Mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliotengewa pauni milioni tano na kuwafungulia wakulima wa Embu na Meru mlango wa kahawa na hati za mashamba, nao ulitokana na hofu iliyoletwa na msitu.

Lancaster House mwaka 1960 iliwapa Waafrika wingi wa viti barazani. Kiongozi wa walowezi wa mrengo wa kati, Michael Blundell, aliukubali mwelekeo huo, na aliporudi Nairobi mlowezi mmoja alimrushia miguuni vipande 30 vya fedha. Walowezi hawakuwa na jingine la kufanya. Tangu 1952 walikuwa wamelindwa na kodi ya Mwingereza wa kawaida, na Mwingereza huyo alichoka kulipa. Vyama vya KANU na KADU viliundwa mwaka huohuo. Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961. KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963. Madaraka ya kujitawala yakaja tarehe 1 Juni, na Uhuru tarehe 12 Desemba 1963.

Siku chache baadaye wapiganaji wa mlima walikusanyika Ruring'u, Nyeri, wakiwa na nywele ndefu za kusokota na ngozi mwilini. Mwariama alipokewa na Kenyatta mwenyewe. Baimungi hakuridhika. Alidai ardhi kwa waliopigana, akarudi msituni na watu wake, na Januari 1965 aliuawa na vikosi vya serikali huru ya Kenya. Ardhi ya walowezi, iliyofikia ekari milioni 7.5 hivi, haikugawiwa bure: kuanzia 1962 mashamba ya mpango wa ekari milioni moja yalinunuliwa kwa mikopo, sehemu kubwa kutoka Uingereza, na mkopo ukawa mzigo wa mkulima mpya. Waziri wa Ardhi na Makazi alikuwa Jackson Angaine wa Meru, aliyewahi kuwekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Waliokuwa na fedha walinunua. Wengi waliotoka kambini hawakuwa nazo.

Mwea nayo haikuwa ya waliolima. Wakulima wa mpunga waliwekwa kama wapangaji wa mradi, chini ya kanuni zilizowaamrisha wapande nini na wamuuzie nani, na wangeweza kufukuzwa. Walivumilia miaka 30 na zaidi. Mwaka 1998 walikataa kuipelekea Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji mavuno yao, na mapema mwaka uliofuata vijana wawili walipigwa risasi na polisi katika mgogoro huo. Ukoloni wa mradi ule ulidumu kuliko ukoloni wenyewe.

Marufuku dhidi ya Mau Mau, iliyowekwa mwaka 1950, ilibaki katika sheria za Kenya mpaka 2003. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilificha huko Hanslope Park, Uingereza, mafaili yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37, na mengi yaliyohusu kambi za Kenya yalithibitisha yale ambayo wazee wa Embu, Kirinyaga na Meru walikuwa wakiyasema siku zote. Juni 2013 ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za mawakili zikiwemo, kwa ajili ya walalamikaji 5,228. Wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi ya pili, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya London iliitupilia mbali, muda mrefu mno ukiwa umepita. Hawakulipwa kitu.